Ukungu Mweupe wa Neli

Huko Ngana, Neli alisifika kwa usafi. Kila asubuhi alifagia chini ya migomba mpaka usione hata jani moja. Mumewe, Hezekia, alizoea kumtania: "Wewe ukipewa ziwa, utalifagia."

Mwaka wa 1952 mibuni yao iliugua. Majani yalijaa weusi kama masizi ya chungu. Chini ya majani walijibanza wadudu wadogo wa kijani, wakifyonza utomvu. Mibuni hiyo ilipandwa na Ambilikile, mtoto wao aliyekwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa. Alimwachia mama yake aitunze.

"Tuikate," alisema Hezekia. "Tupande ndizi."

"Ambilikile akirudi nimwonyeshe visiki?" Neli alijibu, machozi yakimlengalenga.

Mvua zilipokolea, majani yakaota ukungu mweupe. Maskini Neli! Aliona ugonjwa umeongezeka juu ya ugonjwa. Alichukua kitambaa, akaanza kufuta jani moja moja.

Zebedayo, bwana shamba, alikuwa akipita, akamsalimu.

"Mwaghonile, mama. Unafanya nini?"

"Nasafisha kahawa, baba. Imeota ukungu."

"Hebu acha kwanza. Tazama." Zebedayo aligeuza jani. "Katikati ya kila doa jeupe kuna mdudu. Amekufa. Ukungu huu hauli mbuni, unamla mdudu."

Neli aliinama, akatazama kwa muda mrefu. "Kumbe nimekuwa nikimfukuza mgeni aliyekuja kunisaidia!"

"Usafi ni mzuri, mama, ila leo umezidi," Zebedayo alicheka. "Chuma majani yenye ukungu, uyafunge kwenye mibuni isiyo nao. Fanya hivyo wakati huu wa mvua, maana ukungu unapenda unyevu. Hautamaliza wadudu wote, lakini watapungua."

"Ndaga fijo, baba," Neli alishukuru.

Neli na Hezekia walifunga majani kwa kamba za mgomba. Kufunga hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa kuiacha mibuni ikiwa na madoa! Mikono ilimwasha Neli kwa hamu ya kufuta, lakini alivumilia.

Wadudu walipungua kidogo kidogo. Machipukizi mapya yakatoka, safi. Msimu uliofuata, mibuni ilizaa.

Ambilikile aliporudi, alipitia shambani kabla ya kuingia nyumbani. Alifika mlangoni na buni nyekundu kiganjani.

"Mimi nilitaka kuikata," Hezekia alikiri. "Mama yako ndiye aliyekataa."

"Mimi na ukungu," alisema Neli, akimkumbatia mwanawe. "Baba yako anausahau ukungu."