Kibanda cha Roshani

Kila siku Naume alipotoka shule alivua viatu mlangoni, akapasha wali moto, akafanya kazi za shule hadi baba yake aliporudi. Waliishi International City, Dubai, katika fleti waliyopanga pamoja na Bi Rukiya, muuza mabuibui kutoka Mombasa. Mama yake alikuwa Mbale, Uganda, na wadogo zake, miongoni mwa Wayahudi wenzao wa huko.

Jumapili moja ya Oktoba 2016, roshani ilijaa matawi ya mtende. Baba yake, Gerishom, mpishi wa hoteli, alikuwa ameyaomba kwa watunza bustani, kisha akaenda sokoni. Jioni hiyo sikukuu ya Vibanda ya Wayahudi ingeanza, siku saba za kula chakula kibandani. Fremu ya mbao ya kibanda ilikuwa tayari, lilibaki paa. Gerishom alikuwa amebadilishana zamu na wenzake ili apate siku mbili za mwanzo. Jioni nyingine zote angekuwa kazini.

"Makuti haya ni ya nini, mwanangu?" Bi Rukiya aliuliza.

Naume aliona haya. Angeelezaje kwamba watu wenye meza nzuri wataenda kula kibandani?

"Ni taka tu, Bi. Yanangoja kutupwa."

"Masikini baba'ko, na mgongo ule! Wacha niwasaidie."

Mama wa watu akayaburuta hadi kwenye lifti. Naume angeweza kumkimbilia. Hakumkimbilia. Lori la taka likayachukua.

Gerishom alirudi na samaki na ndizi, akaikuta roshani haina tawi hata moja. Naume alieleza yote huku akilia.

"Tukatafute mengine, baba!"

"Jua linazama. Siku hizi mbili takatifu zikishaingia, hatujengi."

Bi Rukiya alishika kichwa. "Ya Rabbi! Ningejua, ningeyatupaje makuti ya ibada?"

Walikula jikoni, chini ya taa. Gerishom alikuwa na uchungu, wala hakuuficha.

"Hii ni sikukuu ya mavuno," alisema. "Wakulima walikaa vibandani mashambani wakivuna. Tena wazee wetu walipotoka Misri walizunguka jangwani miaka arobaini, wakiishi vibandani. Ndiyo maana paa letu huwa la matawi, na nyota zionekane. Tukumbuke nani alitulinda wakati hatuna kuta."

"Lakini wewe uliniambia nisijitangaze kwamba sisi ni Wayahudi."

"Nilikuambia unyamaze. Sikukuambia uiite sikukuu yetu taka."

Jumatano Bi Rukiya alileta matawi mengine kutoka mtaa wa Deira. Gerishom aliezeka kibanda alasiri, kisha akavaa sare ya kazi.

"Kaa kidogo tu, baba," Naume alimsihi.

Chini, basi la wafanyakazi lilipiga honi.

"Siwezi. Mimi nitakula humo mchana, wewe ukiwa shule." Alimwekea mkono begani. "Ungesema kweli, labda ungechekwa. Ulisema uongo, tukapoteza jioni zetu mbili za pamoja, na mtu mwema ukamtia lawamani bure. Mwanangu, ukiona haya, nyamaza. Usidanganye."

Akashuka. Naume akaandaa sahani mbili kibandani, yake na ya Bi Rukiya.