Kioo cha Mlango wa Kushoto

Nondo ya nyumba iliyomezwa na ziwa ndiyo iliyotoboa boti la Mama Apolline. Wenye nyumba ile walihama maji yalipopanda mpaka jikoni. Walibeba mabati, milango, hata misumari iliyopinda, lakini nguzo za zege waliziacha zimesimama chini ya maji, nondo zikiwa zimezitoka utosini kama nywele zilizokataa chanuo. Kila mwendesha boti wa bandari ya Kalundu anajua zilipo, na Jeancy, aliyeshika usukani asubuhi ile, alizijua kama meno yake. Lakini mvua iliteremka milimani kwa mkupuo mmoja, ikafuta ufuko, ikafuta mnara wa kanisa. Jeancy akasogea pwani kukwepa mawimbi, na nondo ikaingia ubavuni kwa sauti ya kuni inayopasuka.

Panga la mota likagonga zege, likakatika. Wimbi lililofuata likaliinua boti na kulichomoa, na hapo ndipo ubaya wenyewe ulipoanza, maana nondo ilipokuwa ndani ilikuwa imeziba tundu lake yenyewe.

Onesphore hakutazama tundu. Hakutazama hata mguu wake uliochubuka. Alishika furushi la blanketi lililokuwa mapajani, akalipapasa ukingo mmoja, wa pili, wa tatu. Kizima. Akashusha pumzi kama mtu aliyekwisha okoka.

Ndani ya furushi mlikuwa na kioo cha mlango wa gari. Alikuwa amekitafuta Uvira siku mbili nzima, na asubuhi ile ndipo alipokipata mtaa wa Songo, kwa mtu anayechinja magari mazee na kuuza viungo vyake. Gari lenyewe, la shemeji yake André, lilikuwa uani kwake kijijini Swima, na aliyevunja kioo ni mbuzi. Mbuzi wa mahari, jamani. Nyuma ya gari kulikuwa na kreti za vinywaji, kwa hiyo Onesphore akamkalisha mbuzi kiti cha mbele kama mgeni wa heshima. Mbuzi akageuka, akaona mbuzi mwingine kwenye kioo anamkazia macho, akarudi nyuma kidogo na kumtwanga. Kioo hakikupasuka vipande. Kilimwagika chote kama punje za mahindi zinazopukuchuliwa.

André alisema neno moja tu: bila kioo, gari halitoki. Harusi ya Olga ilikuwa Jumamosi, na siku hii ya boti ilikuwa Alhamisi. Kutoka nyumbani mpaka kanisani ni kilomita tisa za matope, na huu ulikuwa mwezi ambao mbingu hazifungwi bomba. Onesphore alimwambia binti yake, "Utafika kanisani mukavu. Miye papa yako nimesema." Barabara ilikuwa imekatika, mto umebeba daraja, na kioo hakipandi pikipiki. Ikabaki ziwa.

Sasa ziwa lilikuwa linapanda lenyewe ndani ya boti.

Tundu lilikuwa na upana wa sahani ya kulia, chini ubavuni, kati ya mbavu mbili za mbao. Jeancy alivua shati akalishindilia. Maji yakalitema usoni pake. Wakasukuma gunia; likasimama kidogo, likalegea, likatolewa. Mama Apolline, mwenye boti na mwenye magunia ya unga wa muhogo yaliyokuwemo, alikuwa anakumba maji kwa beseni bila kuinua kichwa. Mtu wa nne, Franck, katekista wa kilo mia na ushee ambaye hajui kuogelea, alikuwa amejifunga kwenye bido tupu, lile dumu la mafuta ya mota, na kufumba macho.

"Upepo iko inatupeleka kati," alisema Jeancy. "Inatoka mulimani. Tukishindwa kuziba, Burundi watatuona tukiwa tumevimba."

"Jeancy, kumba maji, acha hadithi," alisema Mama Apolline. Kisha, kwa sauti ileile: "Papa Onesphore, mule ndani ya blanketi iko nini?"

"Nguo."

"Nguo gani ile inalia ngii ukiigongesha na ubao?"

Onesphore alitazama pembeni, ambako hakukuwa na kitu cha kutazama. Mvua ilikuwa imejenga kuta pande zote.

"Iko kioo ya gari, Mama. Ya harusi ya mutoto wangu."

"Leta."

"Nilimwambia Olga atafika kanisani mukavu."

"Na weye? Weye utafika wapi?"

Maji yalikuwa yamefika magotini. Gunia moja la unga lilipasuka likageuza maji kuwa uji. Onesphore alimwona Franck anatetemeka midomo, akadhani anasali, akasogea karibu akasikia anahesabu majina ya watoto wake, saba, akifika mwisho anaanza tena. Basi akafungua kamba ya blanketi. Aliifungua polepole sana, fundo kwa fundo, kama mtu anayetaka aambiwe aache. Hakuna aliyemwambia.

Kioo kilikuwa kikubwa kuliko tundu, kimepinda kidogo kama kiganja, na kilitaka kukaa vizuri kati ya zile mbavu mbili. Lakini maji yalipenya pembeni kwa vijito vyembamba vyenye nguvu. Onesphore akamkumbuka yule muuzaji wa Songo alivyomwambia, usisahau masti ya kuzibia ukingo. Hakuwa na masti. Na masti ni nini? Alikwisha kuwaona mafundi wa madirisha wakiikanda mara mia: ni unga na mafuta, basi.

"Mama Apolline, mawese iko?"

"Galoni moja."

"Mimina kwa unga mukavu. Ukande kama bugali, lakini ngumu, ishinde bugali ya mama-mukwe."

Mama Apolline akapasua gunia la juu, ambalo lilikuwa bado kavu tumboni, akakanda kwa mikono miwili mpaka viwiko vikawa vyekundu. Onesphore akakunja blanketi likawa godoro la kuzunguka tundu, Jeancy akaubandika ule unga mwekundu juu yake, wakakilaza kioo. Kisha Onesphore akageuka, akaweka mgongo wake kwenye kioo, miguu akaitega kwenye ubavu wa pili wa boti, akasukuma.

Maji yakapungua. Yakawa machozi. Yakakatika.

"Nikitoka, inatoka," alisema.

"Basi usitoke," alisema Jeancy.

Hapo wakaanza kujua tabia ya kile kioo. Kioo cha mlango wa gari hukikalia hata askari mnene kikavumilia, lakini kikiguswa ukingoni na kitu kigumu, mara moja tu, humwagika chote. Onesphore alikuwa ameona. Akawaambia wasiangushe hata kijiko. Wakaanza kutembea ndani ya boti kama watu waliomlaza mtoto mwenye homa. Kila wimbi lilipopiga nje, alilisikia kwenye uti wa mgongo mfupa kwa mfupa, na kioo kikalia ngii, kikanyamaza. Baridi ilimwingia mgongoni ikatokea kifuani. Miguu ikaanza kufa ganzi. Saa moja ikapita, au mbili. Wakati ule hakuna aliyekuwa na simu kavu.

Kisha kamba iliyoifunga nanga ndani ya boti ikakatika. Nanga ya Mama Apolline ilikuwa jiwe, kubwa kama kichwa cha ng'ombe, na boti lilipoinama jiwe lilianza kuserereka taratibu kwenye ule uji wa unga, likielekea ubavu wa kioo. Jeancy alikuwa mbele, mbali. Mama Apolline alikuwa na beseni mikononi. Onesphore aliliona linakuja na hakuweza kuondoka, maana kuondoka na kubaki vilikuwa kitu kimoja.

Franck alifumbua macho. Alikuwa ameyafumba tangu Kalundu, na labda Mungu alimwambia ayafumbue, labda ni mtikisiko tu. Akatoa mguu wake wa kuume, usio na kiatu, akauweka njiani. Jiwe likasimama juu ya vidole vyake. Kila mtu alisikia vidole vikilia, viwili vya pembeni.

"Limesimama?" aliuliza Franck.

"Limesimama, Katekista."

"Basi muniondolee. Polepole. Huyu jamaa amesema hata kijiko tusiangushe."

Mama Apolline akapasua pindo la kitenge chake, akamfunga vidole pamoja na kipande cha ubao. Franck akarudi kwenye majina ya watoto, safari hii kwa sauti.

Mvua ilipolegea kuwa manyunyu, ukungu ulibaki umelala juu ya maji. Upepo ulikuwa umegeuka, sasa unavuma huku na huku kama mlevi. Walikuwa na makasia mawili, lakini kasia bila upande wa kwenda ni kuni tu.

"Milima iko wapi?" aliuliza Mama Apolline.

"Sijue," alisema Jeancy, na ilikuwa mara ya kwanza siku ile kukiri kwamba hajui. "Tukikosea, tutatumia nguvu yote kuenda kati ya ziwa."

Onesphore alikuwa ameomba ruhusa ya kugeuka, kwa sababu mgongo ulikuwa umegoma. Jeancy akakishikilia kioo kwa mabega, naye akageuka, akakilalia kwa kifua, paji la uso likagusa. Hivyo ndivyo alivyokuwa mtu wa kwanza wa Swima kulitazama ziwa kutoka ndani akiwa mkavu nusu. Anasema aliona ndagala, wale samaki wadogo, wanapita kama sindano zilizomwagwa. Anasema sangala mmoja alikuja, mkubwa kama mlango wa choo, akasimama, akamtazama, akamtazama Jeancy, akarudi kumtazama yeye, kama mtu anayechagua nyama sokoni. Nilipowauliza wenzake habari za huyo sangala, hawakukubali wala hawakukataa.

Lakini kitu kingine alichokiona hakuna anayekibishia. Juu, maji yote yalikuwa na rangi moja ya majivu. Chini, nyuma ya kioo, yalikuwa bluu nzito karibu na weusi, kisha boti lilipoyumba kwenda mbele, utepe mwekundu ukapita. Ukapita mwingine, mnene zaidi.

"Jeancy," alisema, mdomo ukiwa umebanwa na kioo. "Maji iko na udongo."

"Udongo gani?"

"Mwekundu. Wa mulima. Ule muto uliokula daraja unamwaga matope huku. Tufuate mahali maji inazidi kuwa chafu."

Jeancy akamrushia Mama Apolline kasia moja bila kuligonga popote. Franck, kwa sababu hakuweza kusimama, akaenda kwa makalio akachukua nafasi ya kukikandamiza kioo pamoja na Onesphore, kilo zake zote mia na ushee, na tangu hapo hakikulia tena.

"Kuume," aliita Onesphore. "Bado kuume. Imekuwa bluu, rudini. Hapo. Hapo iko kama chai ya maziwa."

Walipiga kasia hivyo kwa muda mrefu, mtu mmoja akiwa macho ya boti zima. Viganja vya Mama Apolline vikapasuka. Akavichovya kwenye mawese yaliyobaki akaendelea. Chai ya maziwa ikawa kakao. Kakao ikawa tope tupu, kioo kikafungika kama kimepakwa rangi, na Onesphore hakuona kitu tena. Kabla hajasema, boti likakwaruza mchanga. Jogoo akawika mahali karibu. Ukungu ulipopasuka walikuwa mdomoni mwa mto uleule, nguzo za daraja lililokatika zikiwa mbele yao, na watu wa ng'ambo wamesimama wanashangaa boti lililojaa uji mwekundu.

Ilikuwa kama saa kumi ya alasiri. André alifika mbio na watu wa Swima waliokuwa wakisubiri kivuko, na nyuma yao Olga, viatu mkononi. Onesphore alijaribu kusimama mbele ya binti yake akashindwa. Miguu ilikuwa imesahau kazi. Akabaki amekaa majini.

"Mama, kioo nimewapa hawa," alimwambia Olga. "Utanisamehe. Utalowa."

Jeancy alisema hapana, boti limefika, kioo ni chako, Papa. Akaanza kubandua unga kwa kidole. André akainama, akakitazama kioo kutoka nje ya boti, akaenda kukitazama kutoka ndani. Akakuna shingo.

"Shemeki, kipimo ulitoa wapi?"

"Niliweka karton kwa kioo kizima, nikachora na makaa. Kisha kule Songo nikatafuta kimoja kinacholingana na karton. Kililingana kabisa, hata muuzaji alishangaa."

"Kioo kizima iko mulango gani?"

"Wa kuume."

"Na mbuzi alivunja wa wapi?"

Onesphore akautazama mkono wake wa kushoto. Alikuwa amesafiri siku mbili, akafa na kufufuka, akiwa amebeba kioo cha mlango ambao haukuwa na shida yoyote. Wa kwanza kucheka alikuwa Franck, akishika vidole vyake kwa maumivu. Akafuata Mama Apolline, akakaa chini kabisa. Mwisho Olga, ambaye aliingia majini na nguo zake akamkumbatia baba yake mgongoni, pale palipokuwa baridi.

André hakucheka. Alilitazama tundu tena, akauweka mkono wake juu ya kioo, akaona tundu lilivyo pana kuliko kiganja chake.

"Jumamosi gari litatoka," alisema. "Hivyo hivyo."

Na Jumamosi mvua ilinyesha, kwa nini isinyeshe. Olga alikataa kitambaa walichotaka kupigilia dirishani, akakaa upande wa mbuzi, akafika kanisani amelowa bega moja la kushoto, na wakwe wakasema hawajapata kuona bibi harusi anayeingia na kicheko kama kile. Kioo Mama Apolline alikataa kukitoa. Kipo mpaka leo ubavuni mwa boti lake, kimewekewa masti ya kweli na fremu ya mvule, na abiria hugombea kukaa hapo.

Onesphore hagombei. Akipanda gari la mtu, hata kama ni jipya na lina baridi ya mashine, anangoja likae barabarani, kisha anamgusa dereva begani na kumwomba, kwa adabu sana, ashushe kioo, kwa sababu nyuma ya kila kioo kilichofungwa yeye bado anaona ziwa.