Moto Chini ya Majivu

Benitha hakuwa na viatu vya shule. Hakuwa na taa ya kusomea, wala mama wa kumsuka nywele, maana mama yake alibaki Kongo milimani na mtoto wake wa mwisho, Semahoro, kwenye kijiji ambako simu haishiki. Lakini pale Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, alichopungukiwa zaidi kilikuwa subira, hasa kwa mdogo wake Cansilde, mwenye miaka minane.

Kila asubuhi walikwenda bombani, na kila asubuhi Cansilde alichuchumaa njiani, midomo yake rangi ya wino.

"Yaya, ngoja," alimwita dada yake. "Roho inaniuma."

"Roho, roho! Roho yako inaumaga tu ukiona kidumu!"

Kwao, aliyesema roho inamuuma alikuwa na huzuni. Basi bibi yao, Mukashema, alimwombea mtoto, akambembeleza, "Nyamaza, mama atakuja." Hata kwenye zahanati, mganga alipouliza, Benitha ndiye aliyejibu: "Anamlilia mama tu." Hakutaja midomo. Hakutaja kwamba Cansilde alikwisha kuanguka mara mbili. Mtihani ulikuwa karibu, naye hakutaka kuachiwa kazi zote za nyumbani.

Mara ya tatu Cansilde hakuamka upesi. Gari la wagonjwa liliwapeleka hospitali ya Mbarara. Siku ya nne alifariki, kiganja chake kikiwa ndani ya kiganja cha Benitha.

Daktari Byaruhanga aliketi nao kwenye benchi. Aliwaambia kwamba mtoto alizaliwa na tundu moyoni, na damu yake ilikosa oksijeni ya kutosha.

"Sasa aliishije miaka yote hiyo?" Benitha aliuliza.

"Wewe, kama kuni haitoshi, usiku unafanya nini na moto?"

"Tunauvumbika kwenye majivu."

"Eh! Na moyo inafanya hivyo." Alieleza kwamba ndani ya seli za moyo mna meko madogo yaitwayo mitokondria, ambayo hutumia oksijeni kutoa nguvu. Oksijeni ikipungua, seli huhisi. Hupunguza moto ili meko yasiharibike. "Lakini moto ya majivu haiwezi kupika siku zote. Mtoto hakuwa mvivu. Seli zake zilikuwa zinangoja mtu aseme."

Benitha alifunika uso. "Mimi nilijua. Sikusema."

Bibi alimvuta kifuani. Kisha akashtuka. "Daktari, mama yao alituandikia barua siku za Pasaka. Semahoro naye analalamika roho."

"Huyo apimwe haraka," daktari alisema.

Baada ya mazishi walisikia kwamba Mchungaji Rugamba wa kanisa lao alikuwa akisafiri kwenda Kongo, naye angebeba barua hadi kwa mama. Bibi alitaka waandike tu kwamba Mungu amemtwaa mtoto. Benitha aliandika yote: kuchuchumaa, midomo, kuanguka, na uongo wake wa zahanati. Mwisho aliandika: Mama, mpeleke Semahoro hospitali.

"Atanichukia, Bibi."

"Atalia kwanza," Bibi alisema, macho yake mekundu. "Ukweli wako ulimchelewea Cansilde, mjukuu wangu. Usimchelewee Semahoro. Nami nimejifunza: mtoto akisema roho inamuuma, nitamuuliza ni wapi, kabla ya kupiga magoti."

Bahasha haikuwa na gundi. Benitha alichukua donge la ugali baridi, akaipaka ukingoni, akaibana kwa kidole gumba mpaka ikashika. Kisha akakimbia kuifikisha kwa mchungaji, ambaye pikipiki yake ilikuwa tayari inanguruma.