Mtaji wa Ziada

Kila Jumamosi, akishafua sare zake, msichana mmoja wa darasa la sita alikwenda kumsaidia shangazi yake kwenye chumba cha ushonaji. Wenzake walimwita Kamusi, kwa kuwa hakuna swali lililomkuta bila jibu. Baadhi ya majibu hayo yalikuwa sahihi.

Shangazi alikuwa na hisa za kiwanda cha sabuni, alizozinunua kwa akiba yake kiwanda kilipowauzia wananchi. Sasa hesabu za mwaka zilikuwa zimetoka gazetini. Alitaka kujua kama atapata gawio, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa.

"Nisomee, mwanangu. Macho yangu yamechoka na sindano."

Kamusi alipitisha kidole. Kwenye mstari wa faida palikuwa na tarakimu ndani ya mabano. Hakujua maana ya mabano, akayaruka. Chini zaidi akakuta maneno "Mtaji wa Ziada", na mamilioni yamejipanga mbele yake.

"Shangazi, wamepata ziada kubwa! Gawio litakuwa nono."

"Una hakika?"

"Kabisa!"

Shangazi alipiga kigelegele. Siku nyingi alikuwa akitamani cherehani ya umeme. Papo hapo akampigia simu fundi mwenzake aje kununua ile ya miguu. Mpya angeichukua dukani kwa mkopo, na gawio lingelipa deni.

Nyumbani, Kamusi alimsimulia mama yake, mhasibu wa hospitali, aliyekuwa akipiga pasi. Mama akaisimamisha pasi.

"Na mstari wa faida ulisemaje?"

"Ulikuwa na mabano. Niliuruka."

"Mabano ni hasara. Mwaka huu hakuna faida."

"Na ile ziada?"

"Kila hisa imeandikwa bei ya mia moja. Shangazi yako alinunua kwa ngapi?"

"Mia moja na sitini."

"Basi ile mia iliandikwa mtaji wa hisa, na sitini zilizozidi zikaandikwa mtaji wa ziada. Haikutokana na kuuza sabuni. Ni fedha walizotoa wenye hisa wenyewe ili kiwanda kifanye kazi."

Kamusi alihesabu kimoyomoyo. "Kwa hiyo shangazi anangoja kulipwa sitini zake mwenyewe?"

"Tena hazigawiwi kama faida. Kamwambie."

"Twende wote, mama."

"Mimi sikusoma hilo gazeti. Nenda wewe."

Alikimbia huku aibu ikimchoma. Fundi alikuwa ameshalipa, na cherehani iko juu ya mkokoteni.

"Shangazi, usiuze! Sikuwa na hakika. Nilikudanganya." Akaeleza yote, mabano na zile sitini.

Shangazi akaushika upindo wa gauni lake. "Kumbe ni kama upindo wa gauni," akasema. "Kitambaa alikileta mteja, kimekunjwa ndani ili gauni likae vizuri. Si mabaki ya kuuza."

Fundi alinung'unika, akarudishiwa fedha zake na kuondoka na mkokoteni mtupu. Shangazi na Kamusi wakaiinua cherehani, wakairudisha ndani.

"Umeniudhi," shangazi alisema akifuta jasho. "Lakini umekuja mwenyewe kusema kweli, na kazi yangu imepona. Sikiliza, mwanangu: 'sijui' haijawahi kumfilisi mtu. Hiyo 'kabisa' yako, leo ilibaki kidogo tu inifilisi."