Barua ya Bujiku na Mtamba Mwekundu

Mimi ni mwanamke wa kwanza kijijini kwetu, karibu na Segese, kusoma barua ya mume wangu kwa macho yangu mwenyewe. Haya, wa tatu. Wa pili ameshafariki, hawezi kubisha. Wa kwanza ni Melania, na hadithi hii ni yake.

Mwaka wa 1979 vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, lakini waume zetu walikuwa hawajarudi. Tulichuma pamba, tulichunga ng'ombe, tulisubiri barua. Barua ikifika, ni taabu. Hatujui kusoma. Na kwetu barua ya mume haipewi mtoto wa shule. Je, kama baba yake ameandika mambo ya kitandani?

Basi tulimpelekea mzee Masele. Yeye alisema amewahi kuwa karani kwenye mgodi wa Mwadui. Alivaa miwani, akakohoa, akasoma: "Mke wangu, mimi ni mzima. Mpe mzee Masele kuku."

Barua zote ziliishia kwenye kuku. Mume wangu na Masele walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa shamba. Lakini kutoka huko Uganda akaagiza Masele apewe jogoo! Nikasema, kumbe vita vimemlainisha. Nikatoa jogoo.

Siku moja Melania alipata barua ya mumewe, Bujiku. Masele akakohoa sana siku hiyo. Akasoma: "Mke wangu, mimi ni mzima. Mpe mzee Masele yule mtamba mwekundu."

Melania akashika kichwa. Hakuwa na ng'ombe mwingine. Na mtamba yule alikuwa na mimba. Akizaa, Kabula, binti wa Melania, angepata maziwa.

"Mzee, una hakika?"

"Mama Kabula, unabishana na mimi au na mumeo?"

"Basi ngoja pamba iishe shambani."

"Ikiisha, nakuja na kamba."

Melania alikuja kwangu analia. Nikampeleka kwa mwalimu Generosa. Shirika moja la misaada lilikuwa limefungua darasa katika ghala la zamani, kwa ajili yetu sisi ambao waume zetu walikwenda vitani. Asubuhi walisoma watoto, jioni mama zao. Shirika lilileta vibao, chaki na uji wa watoto. Mimi nilikuwa nimeshajiandikisha. Nilipenda elimu. Uji pia niliupenda.

"Mpe mwalimu barua akusomee," nikamwambia Melania.

"Mama Maganga! Msichana hajaolewa huyu! Je, kama Bujiku ameandika yale mambo?"

"Mbona Masele unampa?"

"Masele ni mzee. Ameshasahau."

Generosa alicheka mpaka akaangusha chaki. "Basi usinipe, mayu, mama yangu. Barua ni yako na siri ni yako. Jifunze uisome mwenyewe. Tuanze na jina la mtoto wako." Akaandika ubaoni: Ka-bu-la. "Kila kipande kina sauti yake. Ukijua sauti, unaziunganisha. Leo vipande vitatu, kesho vitatu vingine."

Asubuhi alisoma Kabula, jioni alisoma mama yake. Usiku walishindana jikoni, wakiandika kwa kidole kwenye majivu. Ugali wa nyumba ile uliungua mwezi mzima.

Pamba ilipokaribia kuisha, Melania alijificha nyuma ya ghala lake la mtama. Alikaa na barua ile mpaka jua likazama. Kisha akanijia mbio.

"Mama Maganga, Bujiku anasema mtamba asitoke nyumbani! Na anasema Masele arudishe plau yetu aliyoazima!"

"Na mambo ya kitandani?"

"Hayo hayakuhusu."

Kesho yake Masele akaja na kamba begani. Wanawake wa darasa walikuwa wamekaa uani kwa Melania, wanachambua pamba.

"Shikamoo, mzee," Melania akasema.

"Marahaba. Mtamba yuko wapi?"

"Yupo. Ila nimepata karatasi nyingine. Nisomee kwanza, nijue kama mume wangu hajabadili mawazo." Akampa karatasi iliyokunjwa.

Masele akavaa miwani. Akakohoa. Akaitazama karatasi kwa huzuni, kama mtu anayewaonea huruma wapiganaji.

"Mke wangu, mimi ni mzima," akasoma. "Huku mvua ni nyingi. Ninamkumbuka sana mzee Masele. Mtamba apewe leo, asicheleweshwe. Na kuku wawili wa kumsindikiza."

Tuliinamisha vichwa kwenye pamba. Mabega yalikuwa yanatikisika.

Kabula akasogea, akachungulia karatasi. Akaweka kidole, akasoma kwa sauti ya darasani: "Na-wa mi-ko-no ka-bla ya ku-la." Akamtazama Masele. "Babu, hii niliandika mimi. Mtamba yuko wapi hapa?"

Masele akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mtamba yuko chini zaidi," akasema. "Wewe hujafika huko."

Karatasi nzima ilikuwa na mstari mmoja.