Mtungi wa Rehani

"Dola mia tisa, Eulalio! Sitaki mia nane, sitaki hadithi," alisema kaka yangu Madatali, amesimama mlangoni mwa besimenti, chumba cha chini anachokipangisha, na kikoi chake cha nyumbani. "Mwezi umekwisha."

"Ijumaa, bwana. Ijumaa nalipwa."

"Ijumaa ya mwaka gani?"

Mimi nilikuwa juu ya ngazi na bakuli la pilau, nimetoka kwangu Agincourt kwa basi, miguu imeganda kwa theluji, nao wananizibia njia. Nikawafokea wote wawili. Kama hana hela, aweke rehani, yaishe! Eulalio, Mmeksiko fundi wa kupaka rangi nyumba aliyepanga kwa kaka, aligeuka. Akaingia chumbani, akatoka na mtungi mweusi wa udongo, mdogo kama wa samli, umezibwa kwa gunzi la muhindi.

"Huu ni wa baba yangu," alisema kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. "Msiufungue. Ijumaa nauchukua."

Madatali akaupokea. Hakuuliza ndani mna nini. Sisi watu wa Tanga, mtungi namna ile ni samli au asali. Nani angewaza kingine?

Wifi yangu Khurshid ndiye aliyenusa. Siku ya pili walikuwa na majlisi, kisomo cha maombolezo, kina mama wanakuja, na sebule nzima inanuka moshi na utamu, kama miwa iliyoungua. Madatali akachomoa gunzi. Pombe.

"Nyumbani mwangu! Pale pale chini ya picha takatifu ya Karbala!"

"Mrudishie mwenyewe," nikamwambia. "Rehani ni amana, kaka. Hata ingekuwa sumu, unairudisha ilivyo."

"Pombe haina amana, Naheed. Usinifundishe dini."

Akaimimina yote kwenye sinki la jikoni. Bomba likanywa. Nasema likanywa kwa sababu nilisikia kwa masikio yangu: gu, gu, gu, kama koo la mtu. Na mtungi ulipokwisha, liliendelea kumeza.

Khurshid aliusugua mtungi kwa sabuni mpaka vidole vikamchubuka, akatia achari ya maembe na pilipili. Kulipokucha mafuta yote yalikuwa yametoweka, na maembe yamekauka kama vipande vya ngozi.

Ijumaa Eulalio alileta hela zake, zote, kama alivyoahidi. Akauona mtungi juu ya friji, umejaa achari iliyokauka. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kumjibu. Aliketi sakafuni.

"Mliimwaga nje? Kwenye udongo?"

"Kwenye sinki," alisema Madatali.

Ndipo akatueleza. Ilikuwa meskali, kinywaji cha kwao, milima ya Oaxaca. Akauchora mmea wake mezani kwa kidole kilicholowa chai, majani marefu yenye ncha za miiba, nasi tukautambua kabla hajamaliza. Mkonge! Kama si wenyewe, basi ndugu yake wa damu. Marehemu baba yetu alipima mizigo ya mkonge Korogwe mpaka mgongo ukapinda. Kwetu ni kamba na magunia. Kwao wanangoja ukomae miaka na miaka, wanafyeka majani, wanabakiza moyo wake, mkubwa kama mbuzi aliyelala. Moyo unachomwa shimoni juu ya mawe ya moto, umefukiwa udongo. Unapondwa kwa gurudumu la jiwe linalovutwa na farasi, unaachwa uchachuke, kisha unapikwa na mvuke wake kukingwa katika vyungu. Babake aliyajua hayo kwa babu yake. Mkonge wa mtungi huu babake aliupanda siku Eulalio alipozaliwa.

"Kabla mtu hajanywa, ardhi inanywa," alisema. "Walio chini wana kiu."

Mzee alikufa kabla ya kuonja. Ile ilikuwa ya kumiminwa juu ya kaburi lake, na Eulalio alikuwa anangoja karatasi za uhamiaji ili aipeleke.

"Sasa baba atafuata ilikopita," alisema, akilitazama sinki.

Kiu ilimwanza Madatali jioni ile. Akamaliza jagi. Akajaza tena. Daktari akapima sukari, sukari sawa. Figo, sawa. Midomo ikapasuka. Mabomba yakaanza kugonga ndani ya ukuta, mchana kweupe, kutoka besimenti kuja juu, polepole, kama mtu mzima anayepanda ngazi. Mwanawe Aun alisema, kwa Kiingereza chake, ni baridi tu hiyo, shangazi. Kesho yake Khurshid akaukuta mto wa mumewe umechafuka udongo mwekundu. Ulitoka kinywani mwake.

Tulisoma dua. Tulitoa sadaka. Eulalio akanunua chupa nyingine ya meskali, ya bei, tukatoka naye nyuma ya nyumba. Januari. Ardhi imeganda kwa baridi, ngumu kama saruji. Tukamwaga maji ya moto, tukachimba kwa shoka. Akamimina.

Haikuingia.

Ilikaa juu ya udongo, imetulia, kama jicho.

"Si yake," Eulalio alinong'ona. "Anataka ile."

Ile haipo. Ningeitoa wapi?

Tuliporudi ndani, Madatali alikuwa ameinamia sinki. Hanywi. Anasikiliza.

"Kaka?"

Akaweka kidole midomoni, kuninyamazisha. Tangu hapo hajasema neno. Hata jina la mkewe.

Karatasi za Eulalio zilitoka theluji ilipoyeyuka. Akaondoka na mtungi wake mtupu. Alipiga simu kutoka makaburini kwao. Huko kiangazi, mvua haijanyesha, kila kaburi vumbi tupu. La babake limelowa. Amelikuta hivyo.

"Linanuka meskali?" nikamuuliza.

Nikamsikia akiinama, akinusa.

"Linanuka maembe," alisema. "Maembe na pilipili. Kama jikoni kwenu."

Nilikata simu. Madatali alikuwa palepale, sikio kwenye tundu la sinki, macho wazi, udongo pembeni mwa mdomo. Nikamsogeza kwa bega. Sina uganga, sina elimu ya mambo haya. Nikainama, nikasema mle bombani:

"Mzee, chako umepata. Nirudishie kaka yangu."