Yule Mama Hacheki

Jumamosi mchana familia hii hukaa sebuleni, kwa sababu sebule ndiyo yenye redio na feni. Mume ni dereva wa gari la mkate. Mkewe anafanya kazi kiwanda hichohicho cha mkate, kwenye meza ya kupakia. Mdogo wake mume alikuwa mkandaji wa unga hapohapo. Sasa hafanyi kazi popote. Miezi minne iliyopita mashine ya kukandia ilimkata kiganja cha kulia, na mkono wa kushoto bado ni mwanafunzi. Siku hiyo alikuwa akihangaika na kamba za kiatu. Alizifunga, zikafunguka. Akazifunga tena.

"Nikusaidie, shemeji?" mke wa Dereva akauliza huku anapiga pasi.

"Acha tu. Kiatu hiki na mimi, leo mmoja wetu atashindwa."

Redioni kulikuwa na mdahalo. Wagombea wawili wa urais walikuwa wakiulizwa maswali, mwanamume na mwanamke. Zilibaki siku nane watu wapige kura. Dereva alisikiliza mdahalo kama wengi wetu tunavyousikiliza, yaani alikuwa akiongea.

"Msikieni huyu mama. Sauti kama anagombeza watoto!"

Mama yule alikuwa akieleza habari za hospitali.

"Wiki iliyopita kila picha amenuna. Leo anacheka. Anajichekesha tu huyo, anatafuta kura."

"Sasa afanye nini, kaka?" mdogo wake akauliza. "Asipocheka amenuna. Akicheka anajichekesha."

"Mimi sijui. Basi tu, hanivutii."

Ikafika zamu ya mwanamume. Akapiga meza mpaka redio ikakoroma.

"Umesikia?" Dereva akashangilia. "Huyo dume! Ana uchungu na nchi."

Pasi ya mkewe ilipita kwenye kola ileile mara tatu.

"Hodi wenyewe!"

Alikuwa jirani yao, anayeitwa Mama Semina. Kazi yake ni kuelimisha wapiga kura nyumba kwa nyumba, na mkoba wake haukosi karatasi. Wanasema hata kwenye foleni ya maji anaweza kufungua semina. Alikaribishwa kiti, akasikiliza mdahalo pamoja nao. Kila Dereva aliposema jambo, yeye aliandika nyuma ya karatasi. Mdahalo ulipokwisha akavaa miwani.

"Dereva, nimeandika uliyoyasema. Nikusomee?"

"Yangu mimi? Kwani na mimi nagombea?"

"Kuhusu mwanamume ulisema hivi. Barabara atajenga, maana ametaja na miaka. Hospitali hajaeleza vizuri. Ana uchungu na nchi." Akageuza karatasi. "Kuhusu mwanamke. Anagombeza watoto. Anajichekesha. Mumewe mbona haonekani? Nywele zile hazimpendezi." Akavua miwani. "Hii ni redio, Dereva. Nywele umezionea wapi?"

Mdogo mtu akacheka mpaka akaachia kamba za kiatu. Mke wa Dereva hakucheka.

"Sasa niambie," Mama Semina akaendelea, "huyu mama amesema nini kuhusu hospitali?"

Dereva akakuna kichwa. "Amesema... atazijenga?"

"Amesema ataajiri wauguzi kwanza, majengo baadaye. Unaweza kumkubali au kumkataa. Lakini hukumsikia."

"Kwa hiyo unataka nimchague yeye."

"Sitaki! Kazi yangu hainiruhusu kumpigia mtu debe, na wala sina haja. Labda mwanamume ndiye bora. Ninachosema ni kwamba mmoja umempima kwa kazi, mwingine umempima kwa kupendeza. Huyu akipaza sauti, ana uchungu na nchi. Yule akipaza sauti, anagombeza. Rais humuoi, Dereva. Unamwajiri."

"Sasa nifanye nini?"

"Ukitaka kusema neno juu ya mwanamke, liseme kwanza juu ya mwanamume. Sema, 'Mgombea huyu baba, mkewe mbona haonekani? Na nywele zake hazimpendezi.' Likikuchekesha, ujue halina kazi. Kisha chagua maswali yako mawili au matatu, yale yanayokugusa wewe. Waulize wote yaleyale. Soma gazeti, sikiliza redio, andika majibu ya wote wawili."

Dereva hakuwa mtu wa kushindwa upesi. "Sawa, Mama Semina. Lakini kiongozi lazima apendwe. Mtu asiyependwa ataongozaje?"

Pasi ikawekwa mezani kwa kishindo.

"Kama mimi," mkewe akasema.

Kila mmoja mle ndani alijua anazungumzia nini.

Kiwandani kwao wafanyakazi huchagua msimamizi wa usalama kila mwaka. Kwa miaka miwili msimamizi alikuwa mama huyu. Alikuwa anasimama karibu na swichi ya mashine ya kukandia. Mtu akitaka kukwangua unga ulioganda ndani, yeye alizima kwanza, hata kama meneja anapiga kelele kwamba mkate unachelewa. Watu wakambandika jina, Bi Swichi. Walimwogopa na walimnung'unikia. Katika miaka ile miwili hakuumia mtu.

Mwaka wa tatu akagombea naye fundi mmoja wa tanuri, mcheshi, jina lake Kicheko. Kicheko si mtu mbaya, tusimwonee. Alipata kura nyingi sana. Miezi minane baadaye alikuwa amesimama palepale kwenye mashine, anasimulia kisa cha kuchekesha, na wenzake wanashika mbavu. Mkandaji akaingiza mkono kukwangua unga. Hakuna aliyezima.

"Mnajua kwamba nilijifunza kucheka?" Bi Swichi akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kabla ya kura ile. Nilisimama mbele ya kioo nikafanya mazoezi, mtu mzima mimi. Nikaenda kazini nikawachekea. Mnajua walisema nini? Bi Swichi siku hizi amelegea, hana msimamo."

Dereva aliinamisha kichwa. Kuna neno alikuwa amelimeza mwaka mzima, na sasa akalitoa.

"Mke wangu. Ile kura... mimi nilimpa Kicheko."

"Wewe?"

"Madereva wenzangu walikuwa wananitania. Wanasema nyumbani ananiamrisha, na kazini tena? Nikaona aibu. Sikufikiria mashine. Wallahi, mashine sikuifikiria hata kidogo."

Mdogo wake akainuka. Kiatu kimoja kilikuwa bado wazi.

"Kaka, usijibebeshe peke yako. Na mimi nilimpa Kicheko. Shemeji alikuwa ananifokea kila siku, mwenzake ananichekesha." Akainua mkono wa shati, mtupu kuanzia kwenye kifundo. "Kura ile niliipiga kwa mkono huu."

Bi Swichi aliwatazama wote wawili. Tuseme ukweli, kwa dakika ile aliwachukia, na alikuwa na haki. Hawa si watu wa mbali. Hawa walikula meza moja naye kila siku, na walijua kwamba anafanya kazi yake sawasawa. Akatoka nje. Mama Semina alitaka kumfuata, kisha akaona bora akae. Kuna mambo ambayo hayana semina.

Aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu.

"Mke wangu, nisamehe," Dereva akaanza.

"Hiyo samahani iweke kwanza. Jumatatu kuna uchaguzi kiwandani. Kicheko anagombea tena, na watu wanamhurumia kwa sababu alilia hospitalini. Mimi nilikaa na shemeji hospitali siku tisa, sikulia mbele yao, wakasema nina roho ngumu. Mashine bado haina kinga. Mkandaji mpya ana mikono miwili. Kama mnataka kunisaidia, msinipigie debe. Niulizeni swali mbele ya watu, na Kicheko mumuulize lilelile. Basi."

Jumatatu wafanyakazi sitini walikusanyika kwenye stoo ya unga. Kicheko alianza na utani, watu wakacheka kama kawaida yao. Dereva akasimama. Madereva wenzake walikuwa wameshaanza kuminyana mbavu.

"Nina swali moja kwa wote wawili. Mkate umechelewa, meneja anapiga kelele, unga umeganda ndani ya mashine. Utafanya nini?"

Kicheko alitabasamu. Kisha tabasamu likamwisha. "Aa... tutaangalia. Tutaelewana na meneja."

"Bi Swichi?"

"Nitazima. Mkate utachelewa dakika tano, mtanichukia dakika tano. Na kesho yake nitampelekea mwenye kiwanda barua ya kinga, yenye sahihi zenu. Akikataa, nitaipeleka kwa mkaguzi wa kazi."

Sauti ikatoka nyuma ya magunia. "Lakini mama, wewe hata kucheka hucheki!"

Mdogo wake Dereva alikuwa ameketi mlangoni. Akasema bila kupaza sauti, "Mimi nimechekeshwa vya kutosha."

Kura zikapigwa. Bi Swichi alishinda kwa kura sita tu. Barua ilikwenda, na baada ya mabishano marefu kinga ikafungwa Ijumaa. Sasa kifuniko kikifunuliwa, mashine inajizima yenyewe. Mkandaji mpya ananung'unika kwamba inamchelewesha. Wacha anung'unike.

Jumapili walikwenda wote kupiga kura ya rais. Kila mmoja alikuwa na karatasi yake mfukoni, yenye maswali yake na majibu ya wagombea wote wawili. Karatasi ya Dereva ilikuwa imefutwafutwa. Kwenye maji alimwona mwanamume amejibu vizuri zaidi, kwenye hospitali mwanamke. Usiku wa kuamkia siku hiyo hakumwambia mtu ataamua vipi, na sisi hatutamuuliza.

Foleni ilikuwa ndefu. Mtu wa mbele yao, mfyatua matofali, akageuka kupiga soga.

"Yule mama mimi hapana. Hana mvuto."

"Alisema nini kuhusu hospitali?" Dereva akamuuliza.

"Nani, yule? Sijui. Sikumsikiliza."

"Na mwanamume je?"

Mfyatua matofali akafikiri. "Huyo... naye pia sijui. Ila nampenda."

Dereva akatoa karatasi yake, akaanza kumweleza. Wawili watatu wa karibu wakasogea. Alieleza la wauguzi, akaeleza la shule, akakunja karatasi.

"Bado," mkewe akasema nyuma yake. "Umeliruka jibu la yule baba kuhusu maji. Lilikuwa jibu zuri. Liseme."

Hakutabasamu alipokuwa akisema hivyo. Dereva akaikunjua karatasi, akalisema.